Mtumbwi Uliokodiwa Siku ya Kurudisha Fomu

Nyie mnaopita pale darajani na bodaboda, mmepakia watu wawili, gunia la mpunga na mbuzi anayeangalia nyuma, punguzeni mwendo kidogo mnisikilize. Hapo mnapopita kwa dakika moja, mimi nilikuwa nawavusha baba zenu kwa nusu saa, na masika kwa saa nzima. Wengine walishuka ng'ambo wameota ndevu ambazo hawakupanda nazo.

Mimi ni Pondo. Jina la ubatizo ninalo, lakini hata padri alishalisahau. Pondo ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Unauchomeka chini kwenye tope, unaegemea, unasukuma, mtumbwi unakwenda. Nimeushika miaka thelathini na kitu mpaka viganja vikawa vigumu, nikimgusa mtu begani kumsalimia anauliza nani katupa tofali. Siku hizi nakaa Lumemo kwa binti yangu. Kazi yangu ni kula na kukatazwa chumvi.

Shule sikusoma. Nilikwenda siku moja, mwalimu akauliza swali, nikaona kama mtu mzima huyu hajui, mimi atanifundisha nini? Nikarudi mtoni. Kusoma nimejifunzia kwenye magunia ya mbolea, ndiyo maana mpaka leo nikishika karatasi natafuta kwanza ni kilo ngapi.

Kivuko chetu kilikuwa chini ya Mofu, pahali penyewe sipataji, wahusika wapo na simu wanazo. Upande huu palikuwa na barabara, maduka na ofisi ya kata. Upande wa pili palikuwa na mashamba ya mpunga na kitongoji ambacho sisi tulikiita Ng'ambo tu, basi. Watu wa Ng'ambo wakitaka sabuni, wanavuka. Wakitaka dawa, wanavuka. Wakitaka kugombana na mtu wa serikali, wanavuka. Na wote walivuka na mimi.

Mtumbwi wangu ulichongwa kwenye mvule mmoja, mrefu kiasi kwamba aliyekaa mbele alikuwa ananyeshewa na wa nyuma anaota jua. Nimevushia friji. Nimevushia kwaya nzima na kinanda chao, na waliimba njiani mpaka kiboko akatoka akaondoka, akaona haya. Ng'ombe wa Wasukuma hao siwahesabu, hao waliogelea wenyewe, mimi nilishika pembe tu nionekane nafanya kazi.

Sasa ufundi wenyewe, niwaambie, maana umeshakufa na kuuiba hamwezi tena. Kijana anayeanza kazi analenga pale anapotaka kufika. Mto unamcheka. Anajikuta huko chini kabisa, anaomba maji ya kunywa kwa watu asiowajua. Wewe unapanda kwanza kuelekea juu, taratibu, unabana kwenye matete maji yasikuone. Ukishapanda vya kutosha ndipo unaingia katikati, unauacha mto ukushushe wenyewe mpaka gatini. Mbuzi wanaangalia nyuma. Waliogombana wanakaa mbalimbali. Mlevi unampa kopo akumbe maji, anajiona nahodha, hasimami hata kidogo.

Na kitu kingine ni kuita. Masika mto unakuwa mpana, mtu yuko upande wa pili unamwona kama kidole. Simu Ng'ambo hazikushika, mpaka upande juu ya kichuguu. Kwa hiyo mtu akitaka kuvuka anashuka gatini anaita, na kila mtu alikuwa na wito wake. Mzee mmoja alikuwa anakohoa tu, nakwenda. Kuna mama mmoja, Mama Sesi, mama yake Sesilia, mjane, mwanamke mrefu na ana sauti ya kuangusha embe. Yeye alikuwa anaita hivi: "Pondo weee, chai inapoa!" Chai hakuna. Hajawahi kuja na chai hata siku moja. Lakini nilikuwa nikisikia hivyo nacheka peke yangu, nachomoa pondo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Ligombe. Mtu mfupi, mkavu, akisimama karibu na pondo huwezi kujua lipi ni lipi. Alikuwa na kanuni zake, na mbili ndizo zinazohusika na habari hii.

Ya kwanza alinifundisha kwa bibi harusi. Tulikuwa tunamvusha kwenda kuolewa, amevaa, amepakwa mafuta, ndugu zake wamemsindikiza gatini kwa vigelegele. Kufika katikati ya mto akasema, "Babu Ligombe, shikamoo."

"Marahaba. Si ulishaniamkia?"

"Nimeamkia tena kwa sababu nina shida. Nimeghairi. Nishushe pale kwenye mchanga kwa shangazi."

Mimi nikaona jambo dogo, mchanga si ule pale. Mzee Ligombe akageuza mtumbwi kurudi tulikotoka. Msichana akalia, "Huko sitaki, wataniuliza." Mzee akamwambia, "Ndiyo, watakuuliza. Wale wamekuona umepanda unakwenda kwa bwana harusi. Ukiishia kwa shangazi, kesho wanakuja kwangu mimi kuuliza mtoto wao yuko wapi. Rudi, shuka, waambie kwa mdomo wako. Halafu ukitaka kwenda kwa shangazi, ukitaka kwenda Mlimba, panda upya, nitakupeleka."

Akarudi. Akashuka. Akawaambia. Baba yake alikaa chini kwenye tope na suti. Kelele zilizopigwa pale, mamba walihama. Baada ya wiki mbili msichana akaja tena, amewaza, akapanda akaenda kwa bwana harusi yule yule. Sasa hivi wana watoto saba na wote wana domo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: abiria habadilishi ng'ambo katikati ya maji. Anarudi kwa waliomsindikiza, anasema, anapanda upya.

Kanuni ya pili ni fupi. Mtumbwi uliokodiwa haupakii mtu mwingine. Ukishakubali kumsubiri mtu, unamsubiri, hata jua likuchome mpaka unuke kama mahindi. Isipokuwa mgonjwa, mjamzito na maiti. Hao watatu Mzee Ligombe alisema hawajui mambo ya kukodiwa.

Sasa niwaletee Gaspa.

Gaspa alizaliwa Ng'ambo. Alifanya kazi na mimi msimu mmoja, na sijapata kuona mpiga pondo mbovu kama yule. Pondo likinasa kwenye tope, mwenye akili analiachia. Gaspa alikuwa analing'ang'ania. Mtumbwi unakwenda, yeye anabaki katikati ya mto juu ya mti kama tumbili, anapunga mkono. Nilimwokoa mara nyingi mpaka nikamwambia, "Gaspa, wewe nenda kwenye siasa." Nilikuwa natania. Akaenda.

Akagombea udiwani. Na mdomo alikuwa nao, hilo sisemi uongo. Alikuja Ng'ambo akasimama juu ya kinu akasema, "Mimi wa hapa. Mkinipa, zahanati inajengwa hapa, siyo kule kwenye lami." Mama Sesi ndiye aliyembeba. Alimbeba siyo mgongoni, ingawa angeweza. Alipita nyumba kwa nyumba, kwenye palizi, kwenye maji ya magoti, anamnadi. Kisa chake kilikuwa cha kweli. Mume wake alikatika roho kwenye mtumbwi wangu, tunamvusha kwenda hospitali, mimi nasukuma nasema tunafika, tunafika, na hatukufika. Kwa hiyo zahanati kwake haikuwa habari ya mikutano.

Siku ya kupiga kura kituo kilikuwa upande huu. Nilivusha Ng'ambo yote. Nilivusha bibi mmoja hajatoka kitandani tangu enzi za ukoloni, akapiga kura, akarudi, akasema mbona mmejenga ovyo. Gaspa akapita, na kilichompitisha ni Ng'ambo, kila mtu anajua. Wakacheza ngoma ya sangula mpaka vumbi likaonekana Ifakara.

Miaka miwili ikapita. Zahanati ilikuwa kwenye makaratasi. Nikimuuliza Gaspa ananiambia, "Pondo, mambo ni mchakato." Nikawa namwambia Mama Sesi na yeye mambo ni mchakato, na wala sikujua mchakato ni mnyama gani.

Halafu yakaanza maneno kwamba Gaspa anahama chama. Vyama vyenyewe sivitaji majina, mimi naviita chama cha asubuhi na chama cha jioni, maana ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Watu wa Ng'ambo wakamwita aje mkutanoni aseme mwenyewe. Akakubali. Mama Sesi akapika wali na samaki kitoga, mtu anakuja nyumbani bwana.

Asubuhi hiyo Gaspa akapanda mtumbwi wangu, shati jeupe, viatu kavishika mkononi. Upande wa pili naona watu wamejaa gatini wanamsubiri. Katikati ya mto simu ilikuwa inashika. Ikalia. Akasikiliza, hakusema kitu ila "ndiyo" na "sawa." Akaiweka mfukoni.

"Pondo, geuza."

"Umesahau kitu, Mheshimiwa?"

"Sijasahau. Nishushe kule chini kwenye mchanga. Kuna gari."

"Gaspa, watu wanakuona. Na kanuni unaijua, nimekufundisha mwenyewe."

"Kanuni ya Mzee Ligombe ni ya abiria. Mimi ni kiongozi."

Mimi nikacheka. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya, wajukuu zangu, mtu akisema neno tamu nacheka, na nikishacheka mkono unafanya. Nikageuza. Niliona wale watu gatini wanainuka mmoja mmoja. Mama Sesi alikuwa ameweka mkono kwenye paji la uso kuzuia jua, anatuangalia tunavyoshuka na maji. Hakuita. Alidhani labda mto umenishinda. Mimi, mto unishinde.

Jioni redio ya duka ikasema Gaspa ameingia chama cha jioni.

Wiki hiyo mtumbwi wangu ulikuwa bunge. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa anavuka kila siku, yeye ndiye aliyetueleza. Akasema sheria ya nchi ni kwamba diwani akiacha chama kilichompeleka, kiti kinabaki wazi, kata inachagua upya. Na yeye akitaka, anagombea tena huko alikokwenda.

Mkulima mmoja akasema, "Hasara tu. Tunaacha palizi tukapige kura tena, na atakayerudi ni yeye yule. Wangemwacha amalizie."

Mwalimu akasema, "Sasa wewe ulimpa kura yeye au chama?"

"Nilimpa yeye. Chama mimi nilipewa kofia tu."

"Na mwenzio hapo?"

Mama mmoja akasema yeye alikipa chama, Gaspa mwenyewe hampendi, alishawahi kumtia majini na mtama wake. Wakacheka. Mwalimu akasema, "Mnaona? Ndiyo maana arudi muulizwe wote. Wewe uliyempa yeye utampa tena. Na mama aliyekipa chama atampa mtu mwingine."

Wakaniuliza mimi. Nikasema, "Mimi naona kura ni mbili na shati ni moja, abadilishe tu shati." Watu wakaanguka kwa kicheko, mtumbwi ukayumba. Nilijiona mjanja sana. Kumbe lile swali la mwalimu lilikuwa linamhusu mtu mmoja mle mtumbwini, amekaa mbele na kikapu magotini, na hakucheka. Mama Sesi akasema, "Mimi nitagombea."

Nikasahau kusukuma. Hata maji nilihisi yanasimama.

"Nitagombea kwa chama alichokiacha. Siyo kwamba najua udiwani. Nataka asimame na mtu. Asirudi kwetu kama mtu anarudi chooni, hakuna anayemuuliza."

Na alifanya. Alivuka akachukua fomu. Alizunguka kutafuta wadhamini wa kumwekea sahihi na dole gumba, maana fomu ya udiwani haikubaliki bila wadhamini. Mimi nilikuwa nampeleka na kumrudisha, na nilimwambia, "Mama Sesi, ukiwa Mheshimiwa sitakuita tena Mama Sesi, nitapiga saluti mpaka nianguke majini." Akanipiga kwa pindo la kanga.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu mlango ulikuwa unafungwa saa kumi jioni, pale ofisi ya kata. Yeye alikuwa bado ana wadhamini wawili huko mashambani, maji yamewazuia, akasema atawapata jioni ya kuamkia siku hiyo, na asubuhi atavuka mapema. Masika ilikuwa imekolea. Mto umejaa, unabeba magogo. Vile vimtumbwi vya wavuvi vilikuwa vimepinduliwa juu ya nchi kavu, mwenye akili hakugusa. Kulikuwa na mtumbwi mmoja tu wa kuvuka maji yale, na mwenyewe ni huyu anayekatazwa chumvi.

Siku moja kabla, Gaspa akaja nyumbani kwangu. Akaniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akala kiazi.

"Pondo, kesho nakukodi kutwa. Nina wageni wanatoka Mlimba, wakubwa. Nataka wakifika tu gatini upande huu, wakute mtumbwi. Usiende popote. Nikuamini?"

"Mimi? Gaspa, mimi nikikodiwa hata nyoka hapandi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema.

Nikafurahi. Na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi. Nililala nimejiona fundi.

Asubuhi nikafunga mtumbwi upande huu, nimeusafisha, nimeweka magunia makavu wakubwa wakalie. Saa nne hivi nikasikia, "Pondo weee, chai inapoa!"

Nikaangalia. Mama Sesi yuko upande wa pili, kitenge kipya, na kichwani kabeba kitu cheupe. Ile fomu, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nikapaza sauti juu ya maji, "Nimekodiwa, Mama Sesi! Wageni wa Mheshimiwa! Wakishuka tu nakuja!"

Akaita, "Ni fomu, Pondo! Mwisho saa kumi!"

"Bado mapema! Kaa kivulini!"

Akakaa. Nikakaa. Saa tano. Saa sita. Akaita tena, ile ya chai haikuwemo, aliita jina tu. Nikamjibu wanakuja sasa hivi. Nikaangalia barabarani, hakuna hata kuku. Saa saba nikamwona anatembea pale gatini, anakwenda anarudi, kama mtu mwenye mtoto ana homa. Nikajiambia, mgonjwa siyo, mjamzito siyo, maiti siyo. Fomu Mzee Ligombe hakuitaja. Mimi mtu wa kanuni. Kanuni ya kwanza niliivunja nikicheka, sasa ya pili nimeishika kama Gaspa alivyokuwa anashika pondo lililonasa.

Saa nane na kitu alishuka kwenye maji. Aliingia mpaka kiunoni na ile fomu kichwani, kasimama, mikono ameinua. Haogelei, alikuwa anajua haogelei. Alisimama tu mle.

Hapo ndipo nikachomoa pondo. Sikuwaza kitu, ila niliona magogo yanapita karibu naye nikaona mume wake. Nikapanda juu kwenye matete, mto una nguvu, unanirudisha, napanda, unanirudisha. Maisha yangu yote nimewadanganya watu kuhusu mto ule, nimesema nilivuka huku nimelala, nimesema nilivuka kwa kijiko. Siku hiyo nilivuka kwa kweli, na ilichukua muda wote ule unaochukua.

Akapanda. Tukageuka. Katikati ya mto akaniuliza, "Hao wageni wa Gaspa, umewaona?"

"Hapana."

"Alikwambia wanakuja saa ngapi?"

Nikafungua mdomo, nikaona hakunitajia saa. Alisema kutwa. Mama Sesi akaangalia maji. Nilisukuma nikatamani mto ule usiishe.

Tulipofika upande huu alikimbia. Mwanamke wa umri ule, kitenge kimelowa, alikimbia ile barabara ya tope, mimi nyuma yake na pondo mkononi nimesahau kuliweka. Tulifika ofisini, mlango umefungwa, bwana msimamizi yuko nje anabandika karatasi ukutani. Akatazama saa yake. Siyo mtu mbaya yule, na hakuwa na kosa lolote. Akasema, "Mama yangu, saa kumi imepita. Siwezi kuipokea."

"Imepita kwa muda gani?"

"Imepita, mama."

Kwenye benchi la baraza alikuwa amekaa Gaspa, anakunywa soda kwa mrija. Aliniona nimesimama na pondo mkononi na matope mpaka masikioni. Akasema taratibu, kama anamsifia fundi wake, "Wageni wameahirisha, Pondo. Lakini umefanya kazi nzuri."

Mimi, mwenye maneno kama mvua ya Machi, nikashika njia ya mtoni na pondo langu.

Hakukuwa na kura. Karatasi ile ilisema amepita bila kupingwa. Sheria ikafuatwa yote, wajukuu zangu, hakuna iliyovunjwa. Alihama, kiti kikabaki wazi, uchaguzi ukatangazwa, akarudi. Lakini Ng'ambo hawakumwona, hawakumuuliza, na hawakuingia kwenye kile kibanda kuweka alama kwenye karatasi. Alishuka kwenye mchanga akapandia hapo hapo.

Mkiniuliza sasa, anayeacha chama arudi kupigiwa kura, nawajibu ndiyo, na nikiwa na meno yote ningewajibu kwa nguvu zaidi. Sisemi mtu asihame. Mimi nimehamisha watu maisha yangu yote, nitasemaje watu wasihame? Ahame. Lakini arudi gatini alikopandia, aseme kwa mdomo wake, na pale gatini awepo mtu mwingine anayetaka kupanda. La sivyo mnafanya kama sisi, mnachagua bila kuchagua. Yule mkulima wa palizi alikuwa na haki kulalamika, ni kazi kuacha shamba. Ila mwaka ule hakuacha shamba, na sikumwona amefurahi.

Na nyie wa bodaboda, msimu ukifika mtakodiwa. Mtapewa mafuta na fulana, mtaambiwa kasubiri pahali fulani. Uliza unamsubiri nani, na unapomsubiri, nani mwingine anakusubiri wewe. Kazi yangu niliifanya vizuri siku ile. Niliifanya vizuri sana.

Mama Sesi aliendelea kuvuka na mimi, angefanyaje. Lakini hakuniita tena. Alikuwa anashuka gatini kule Ng'ambo, anaweka kikapu, anakaa juu yake, ananyamaza. Ni juu yangu kumwona. Kwa hiyo miaka yote iliyobaki, mpaka daraja likaja, nilifanya kazi nimegeuza shingo. Naongea na watu, naangalia ng'ambo. Nakula, naangalia ng'ambo. Sikumwacha angoje hata mara moja.

Siku moja kabla daraja halijafunguliwa nilimvusha mara ya mwisho. Nikamwambia, "Dada, siku ile nilikusikia."

"Najua ulinisikia," akasema. "Ulinijibu."

Akashuka, akashika kikapu chake, akaniambia nimsalimie binti yangu.

Binti mwenyewe ndiye huyu ninayekaa kwake Lumemo, na hajui kitu. Asubuhi anaweka kikombe mezani, anapaza sauti kutoka jikoni, "Baba, chai inapoa." Mimi nainuka haraka, mkono unatafuta pondo, nageuza shingo naangalia ng'ambo. Ng'ambo kuna ukuta wa jirani.